Viti 21 vya Mengo

Dumila ni mji wa njia panda. Barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma inaupasua katikati, upande mmoja inachepuka barabara ya Kilosa, upande mwingine ya Turiani, na watu wake wametoka kote huko barabara zinakoelekea: Wakaguru wenye historia ndefu zaidi hapa, Wagogo, Wasukuma, Wamasai, Wachaga wa madukani. Mahali pa namna hiyo hapakosi ubishi. Tangu Oktoba 2023 ubishi wa vijiwe vyetu, ukiacha mpira na siasa za nyumbani, umekuwa Israeli, na wabishi wamegawanyika kwa kufuata dini zao kuliko kwa kufuata habari. Mmoja anazungumzia Israeli ya Kitabu cha Kutoka, mwingine anazungumzia Gaza ya video za kwenye simu, na ni nadra kumsikia mtu akitaja Israeli ya tatu, ile inayotoa amri: bunge la viti 120 ambamo hakuna chama kilichowahi kushinda viti 61 peke yake.

Kwa Mtanzania hilo ni jambo geni. Sisi tumekulia kwenye bunge ambamo chama tawala hakijawahi kukosa usingizi kikihesabu wabunge wake. Kule waziri mkuu huhesabu kila siku. Uchaguzi wa Novemba 1, 2022 ulikuwa wa tano katika muda usiofika miaka minne. Likud ya Benjamin Netanyahu ilipata viti 32. Vyama viwili vya Wayahudi wa dini kali, Shas na UTJ, vikapata 11 na 7. Jumla 50. Vyama vya katikati, ambavyo zamani vingeweza kuziba pengo, vilikataa kukaa meza moja na mtu mwenye kesi ya rushwa mahakamani. Pengo likazibwa na orodha moja ya viti 14, iliyowaunganisha Bezalel Smotrich na Itamar Ben-Gvir.

Huyu Ben-Gvir alitiwa hatiani mwaka 2007 kwa uchochezi wa ubaguzi na kwa kuunga mkono kikundi cha kigaidi. Kikundi chenyewe ni Kach, cha rabi Meir Kahane, aliyetaka Waarabu wafukuzwe nchini. Kahane alipoingia bungeni mwaka 1984 kwa kiti kimoja, wabunge wenzake, hata wa Likud, walikuwa wakitoka ukumbini anaposimama kuzungumza, na mwaka 1988 chama chake kikazuiwa kugombea. Mawazo hayakubadilika sana kati ya 1984 na 2022. Kilichobadilika ni hesabu. Kiti cha Kahane hakikuhitajiwa na mtu; viti vya Ben-Gvir na Smotrich vilihitajiwa. Serikali iliapishwa Desemba 29, 2022. Ben-Gvir akawa Waziri wa Usalama wa Taifa, msimamizi wa polisi. Smotrich akapata Wizara ya Fedha, na juu yake nafasi ya pili ndani ya Wizara ya Ulinzi, inayohusika na makazi ya walowezi katika Ukingo wa Magharibi.

Nafasi hiyo ya pili ndiyo iliyonipeleka kwenye historia ya jirani zetu. Afrika Mashariki nayo iliwahi kuwa na serikali iliyonunuliwa kwa viti vichache, ambayo bei yake ilikuwa ardhi ya watu wasiokuwa chumbani wakati wa mapatano, na ambamo askari wastaafu walipelekwa kulowea juu ya ardhi hiyo ili wahesabiwe siku ya kura. Ilikuwa Uganda, kati ya 1962 na 1964.

Serikali ya aina hii tunaiita ya mseto, na jina lenyewe ni zuri kuliko mambo yanayofanyika ndani yake. Mseto wa jikoni, wali na choroko, ukishaiva huwezi tena kuutenganisha. Mseto wa siasa hauivi. Kila mmoja anakaa na sahani yake mkononi, tayari kuondoka.

Tuanze na Mengo, kilima cha Kampala alikokaa Kabaka, mfalme wa Buganda, na ambako lilikutana Lukiiko, baraza lake. Waingereza waliitawala Uganda kwa kushirikiana na Buganda, na Mkataba wa 1900 ukauweka ushirika huo kwenye maandishi. Malipo ya Buganda yalikuwa ardhi. Katika vita dhidi ya Kabalega, mfalme wa Bunyoro, miaka ya 1890, Waganda walipigana upande wa Waingereza, na kaunti kadhaa za Bunyoro zikamegwa na kutiwa chini ya Kabaka. Mbili kati yake, Buyaga na Bugangaizi, zilikuwa na Wanyoro wengi hadi mwisho wa ukoloni, na katika eneo hilo lililomegwa yamo makaburi ya wafalme wa Bunyoro. Wanyoro waliziita kaunti zilizopotea, na kwa miaka zaidi ya sitini waliandika barua kuzidai.

Kisha mwaka 1953 Waingereza wakamgeuka mshirika wao. Gavana Andrew Cohen alimpandisha Kabaka Mutesa II ndege na kumpeleka uhamishoni London. Aliporudi mwaka 1955, mapenzi ya Waganda kwake yalikuwa kitu ambacho mwanasiasa yeyote wa kawaida asingeweza kushindana nacho. Mutesa alirudi na somo moja: Uganda huru yenye bunge la watu wote ingemfanya yeye kuwa mkuu wa wilaya mwenye taji. Uchaguzi wa Machi 1961 ukaja, Mengo ikaamuru Waganda wasijiandikishe, na wakatii. Waliopiga kura Buganda walikuwa wachache mno. Wachache hao wakakipa chama cha DP viti 20 kati ya 21 vya Buganda, na kiongozi wake, Benedicto Kiwanuka, akawa waziri mkuu wa kwanza wa serikali ya ndani. Kiwanuka alikuwa Mganda, Mkatoliki, mwanasheria asiye wa ukoo wa kifalme. Kwamba mtu wa namna hiyo angekaa juu ya Kabaka, Mengo haikuweza kulimeza.

Hapo kikazaliwa Kabaka Yekka, yaani Kabaka peke yake. Katikati ya 1961 kilianza kama vuguvugu, na kilichukua muda kuwa chama. Sina haraka ya kukifananisha na chama cha Ben-Gvir. Kabaka Yekka kilitetea ufalme wenye karne kadhaa, watu walioonja dhuluma ya Waingereza, na lugha na mila zilizokuwa na sababu ya kuogopa. Ndani yake walikuwamo walimu na wafanyabiashara wa kawaida kabisa. Lakini sera yake ilitosha kuandikwa kwenye ukucha: mfalme, ardhi, Buganda. Demokrasia ya nchi nzima ilikuwa kwake kitu cha kuvumilia. Na wafuasi wa DP ndani ya Buganda walitishwa na kupigwa kiasi kwamba kugombea kwa tiketi ya chama hicho kulihitaji moyo.

Mwenzake wa mapatano alikuwa Milton Obote, Mlango kutoka kaskazini, kiongozi wa UPC, chama kilichojiita cha kimaendeleo na ambacho wabunge wake wengi hawakuwa na mapenzi yoyote na wafalme. Obote alikuwa na tatizo moja tu, nalo ni Kiwanuka. Kwenye uchaguzi wa 1961 UPC ilipata kura nyingi kuliko DP nchini lakini viti vichache, kwa sababu ya vile viti 20 vya Buganda vilivyopatikana kwa mkono wa watu wachache. Hivyo kabla ya mkutano wa katiba wa London, Septemba 1961, mpinga wafalme na watu wa mfalme walikubaliana. UPC itaunga mkono Buganda kuwa na hadhi ya shirikisho, na wabunge 21 wa Buganda watachaguliwa na Lukiiko badala ya wananchi. UPC haitagombea Buganda. Kwa malipo hayo, wabunge hao watamfanya Obote waziri mkuu.

Iangalie biashara hii kwa makini, kwa kuwa imerudiwa na wengi. Februari 1962 Kabaka Yekka ikashinda viti 65 kati ya 68 vya kuchaguliwa vya Lukiiko, na Lukiiko likapeleka wabunge wake 21 wote kwenye bunge la taifa. Aprili, nchi nzima ikapiga kura: UPC viti 37, DP 24. Ongeza 21 vya Mengo kwa UPC, una serikali. Viondoe, huna. Obote aliapishwa, na Oktoba 9, 1962 Uganda ikawa huru chini ya waziri mkuu aliyetaka jamhuri akibebwa na chama kilichotaka Kabaka peke yake.

Watu wengi wakisimulia habari hii husimama kwenye vyeo. Ni kweli Amos Sempa wa Kabaka Yekka alikaa Wizara ya Fedha, na ni kweli Oktoba 1963 Mutesa alifanywa Rais wa Uganda huku akibaki Kabaka wa Buganda, jambo ambalo mwanasheria yeyote angeliona ni mtego: mtu mmoja aliyeapa kulinda nchi na aliyeapa kulinda sehemu yake. Lakini cheo ni sehemu rahisi ya bei. Anayekupa cheo anatoa kitu chake mwenyewe. Sehemu ghali huwa ni kile kinacholipwa kwa mali ya mtu wa tatu.

Mtu wa tatu alikuwa Mnyoro wa Buyaga. Tume ya Molson, iliyotumwa na Uingereza mwaka 1962, ilipendekeza Buyaga na Bugangaizi zirudishwe Bunyoro kabla ya uhuru. Hilo lingevunja mapatano ya Obote na Mengo kabla hata ya bendera kupandishwa, na Waingereza walitaka kuondoka kwa amani. Kwa hiyo likaahirishwa: kura ya maoni, lakini si kabla ya kupita miaka miwili tangu uhuru. Kila aliyekuwa London alipata kitu. Obote akapata miaka miwili ya serikali, Mutesa akapata miaka miwili ya kujiandaa, Waingereza wakapata tiketi ya kurudi nyumbani. Wakulima wa Buyaga wakaambiwa wasubiri.

Mutesa hakukaa bure. Alianzisha mradi wa makazi huko Ndaiga, upande wa Ziwa Albert, na kuwahamishia maelfu ya askari wastaafu wa Kiganda pamoja na familia zao. Rais wa nchi alikwenda mwenyewe kukaa kambini kuusimamia. Kulikuwa na maneno ya maendeleo, mashamba, uvuvi. Hakuna aliyekuwa na shaka juu ya lengo. Ukipeleka watu wa kutosha kwenye ardhi, baadaye unaweza kuwauliza wakazi wa ardhi hiyo wanataka nini.

Nasoma juu ya Ndaiga na siwezi kuacha kufikiria vilima vya Nablus. Tofauti ni kubwa, nazo nazijua: Uganda ilikuwa nchi moja, Waganda na Wanyoro wanaoana na kuelewana lugha, wala hakuna jeshi la kigeni lililokuwa likiitawala Buyaga mwaka 1963. Jambo linalofanana ni dogo lakini ndilo linalobeba mzigo. Chama kidogo kinachojua kwamba hakitapata kura za wengi huwekeza kwenye ardhi, maana wingi wa viti unaweza kupotea kwa usiku mmoja, lakini nyumba iliyojengwa juu ya kilima haipotei. Smotrich analijua hilo kuliko mtu yeyote katika serikali ya Israeli. Machi 2023 bunge lilifuta sehemu ya sheria ya 2005 iliyowaondoa walowezi kwenye makazi manne ya kaskazini mwa Ukingo wa Magharibi, wakaruhusiwa kurudi. Mwaka huohuo mamlaka ya kupanga na kuidhinisha makazi yakaanza kuhama kutoka kwa maofisa wa jeshi kwenda kwa watu wake. Likud yenye viti 32 isingeweza kuyapitisha hayo bungeni peke yake, lakini haikuhitaji kusukumwa sana. Wengi ndani yake walikuwa wanayataka. Mshirika mdogo alichofanya ni kuondoa uwezekano wa kusema subiri kwanza.

Obote alisema subiri kwanza mwaka 1962, kisha mwaka 1964 akasema basi. Katika miaka hiyo miwili alikuwa akivuta wabunge mmojammoja kutoka DP na kutoka Kabaka Yekka yenyewe, kwa vyeo na kwa ahadi. Agosti 1964 alikuwa na wingi wa viti bila Mengo, akauvunja ushirika. Novemba 4 kura ya maoni ikapigwa, na serikali ikaamua kwamba wenye haki ya kupiga ni wale tu walioandikishwa kwa ajili ya uchaguzi wa 1962. Watu wa Ndaiga wakawa wamehamia bure. Kaunti zote mbili zikachagua Bunyoro, Buyaga kwa tofauti kubwa sana. Kampala kukawa na ghasia, huko Nakulabye polisi wakaua watu kwa risasi, na Michael Kintu, Katikiro wa Buganda, akajiuzulu kwa hasira ya watu wake. Mutesa kama Rais alitakiwa kusaini sheria ya kuzirudisha kaunti ambazo kama Kabaka aliapa kuzilinda. Alikataa. Obote akasaini badala yake.

Ukiishia hapo unaweza kudhani waziri mkuu alishinda kwa ujanja halali: alimkopa mshirika, akamrudisha alipokwisha kazi. Sidhani ilikuwa rahisi hivyo. Mengo, baada ya kushindwa kama chama cha pembeni, iliwaelekeza wafuasi wake waingie UPC, wakaingia kwa mamia wakilipa ada na kuchukua kadi, wakaungana na upande wa Grace Ibingira uliotaka kumwondoa Obote kutoka ndani. Ushirika ulivunjwa bungeni ukahamia ndani ya chama chenyewe. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, ugomvi ulipoacha kuwa wa kawaida: mtu aliyezoea kuhesabu viti vya wapinzani sasa alilazimika kuhesabu vya kwake.

Februari 4, 1966 mbunge wa Kabaka Yekka aitwaye Daudi Ocheng, ambaye ajabu yake alikuwa Muacholi wa kaskazini, alisimama bungeni akataka Kanali Idi Amin achunguzwe kuhusu dhahabu ya Kongo, na wabunge wa UPC wakaiunga mkono hoja hiyo wakati waziri mkuu hayuko Kampala. Siku kumi na nane baadaye Obote aliwakamata mawaziri wake watano ndani ya kikao cha baraza, Ibingira akiwemo, kisha akasimamisha katiba. Mei 20 Lukiiko likaitaka serikali kuu iondoke kwenye ardhi ya Buganda. Mei 24 jeshi likiongozwa na Amin likashambulia jumba la Mengo. Mutesa aliruka ukuta, akafika London, akafa huko mwaka 1969. Katiba ya 1967 ikafuta falme zote. Kiwanuka, ambaye mapatano yote yalianza kwa ajili ya kumwondoa, alikuja kuwa Jaji Mkuu na aliuawa mwaka 1972 chini ya Amin.

Zanzibar haikuhitaji miaka minne. Juni 1961 ASP ya Karume ilipata viti 10, ZNP ya Ali Muhsin Barwani ikapata 10, na ZPPP, iliyojitenga na ASP mwishoni mwa 1959, ikapata 3. Mwenye viti vitatu akafanywa kiongozi wa serikali: Mohamed Shamte, mwalimu wa Pemba. Sitakiita chama chake cha mrengo mkali. Kilikuwa chama cha Washirazi walioogopa kumezwa na watu wa bara, na ZNP iliilea hofu hiyo kwa sababu ilikuwa na faida kwake. Wakati wa uchaguzi ule waliuawa watu 68, wengi wao Waarabu. Waliopanga serikali walitazama viti 13 dhidi ya 10 wakaona wameshinda. Julai 1963 ASP ikapata zaidi ya asilimia 54 ya kura na viti 13, washirika wawili wakapata viti 18 kwa kura pungufu. Serikali ile ile ikaanza kuwaondoa polisi wenye asili ya bara. Uhuru ulikuwa Desemba 10, 1963. Mapinduzi yalikuwa Januari 12, 1964, na kati ya waliovamia maghala ya silaha walikuwamo polisi hao waliofukuzwa.

Bara tulikwepa mseto, lakini hatukukwepa swali lake. TANU ilikuwa na viti 70 kati ya 71 vya bunge, na bado Oktoba 1961, wakati wa mjadala wa sheria ya uraia, wabunge wa TANU yenyewe walisimama kudai uraia uwe wa Waafrika weusi. Nyerere aliwafananisha na wafuasi wa Hitler, akasema serikali yake itajiuzulu sheria isipopita. Ilipita. Zuberi Mtemvu, aliyekihama chama mwaka 1958 na kuanzisha African National Congress kwa hoja hizohizo, aligombea urais mwaka 1962 akapata kura 21,276 dhidi ya zaidi ya milioni moja za Nyerere. Mtu mwenye viti 70 anaweza kutishia kujiuzulu. Jiulize Nyerere angesema nini kama wale wabunge wangekuwa chama cha viti 14, naye ana 50.

Swali hilo halina umbali tunaolidhania, angalau kwetu. Rudewa iko barabara ya Kilosa, mwendo mfupi kutoka hapa, na Desemba 2000 watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika mapigano ya wafugaji na wakulima. Tangu hapo kila msimu wa kampeni huja na wagombea wa udiwani wanaojua kusema neno wageni bila kulitamka. Mkaguru anasema ardhi ni ya babu yake. Mmasai anasema alifika kabla mipaka ya vijiji haijachorwa. Msukuma anaonyesha risiti. Wote watatu wana jambo la kweli mkononi. Wilaya yetu haina chama cha kuligeuza jambo hilo kuwa viti vya kuuza, na nadhani sababu kubwa ni kwamba viti vyetu havijawahi kuwa na bei kubwa. Wanaotamani siku ambayo hakuna chama kitakachotawala peke yake nchini, nami ni mmoja wao, wana haja ya kufikiria ni nani atakayekuwa na viti vya mwisho siku hiyo, na ataomba shamba la nani.

Kule Israeli bei iliendelea kulipwa. Januari 2025 yalipofikiwa makubaliano ya kusitisha vita Gaza, Ben-Gvir alitoka serikalini na chama chake. Smotrich alibaki, akisema atatoka vita isipoanza tena. Machi 18 mashambulizi yalianza upya, na siku hiyohiyo chama cha Ben-Gvir kikatangaza kwamba kinarudi. Sitadai kwamba vita vile vilirudi kwa ajili ya viti sita. Netanyahu alikuwa na sababu zake na Hamas ilikuwa na zake. Ila anayetafuta ushahidi wa uzito wa mshirika mdogo anaweza kuanzia kwenye tarehe hizo mbili. Juni mwaka huo Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand na Norway ziliwawekea vikwazo mawaziri hao wawili, na hakuna aliyepoteza wizara.

Buyaga na Bugangaizi zimo Bunyoro hadi leo. Lakini kura ya 1964 ilihamisha utawala tu. Hati za ardhi, zile za mailo zilizotolewa kwa wakubwa wa Buganda kutokana na Mkataba wa 1900, zilibaki mikononi mwa wenye hati, wengi wao wakiishi mbali, na Mnyoro aliyerudishiwa kaunti yake aliendelea kuwa mpangaji juu yake. Serikali ya Uganda imekuwa ikitumia fedha za mfuko wa ardhi kununua mashamba hayo kidogokidogo. Na kwa sababu ardhi ilikuwa na nafasi, kwa miongo mingi walihamia Wakiga kutoka kusini-magharibi, wakalima, wakazaa, wakawa wengi. Mwaka 2002, katika wilaya iliyoitwa Kibaale, Mkiga alishinda uenyekiti wa wilaya kwa kura halali. Viongozi wa Kinyoro wakasema nafasi hiyo haiwezi kushikwa na mhamiaji. Baada ya mvutano uliomfikia Rais, mshindi alikaa pembeni, akapewa Mnyoro.